Muulize Fundi wa Jengo: Koki Kuu Iko Wapi?

Mvua za mwezi huu zimetufungia ndani, na naona ndiyo sababu barua zimejaa. Mtu akishinda ndani ndipo anapoanza kusikia koki inayodondoka, na kuona doa la darini ambalo lilikuwepo tangu Idi. Nimechukua sita. Walioniuliza bei ya bati na simenti wanisamehe. Mimi ni fundi wa jengo, duka sina.

Shikamoo fundi. Nina miaka 23, nimemaliza umeme wa majumbani VETA hapa Mtwara. Mwenye jengo la apatimenti Shangani anataka fundi wa kudumu wa kuangalia kila kitu: umeme, maji, milango, madirisha. Mimi najua umeme tu. Wenzangu wananicheka, wanasema nitakuwa "fundi wa kubadilisha balbu" na fani nitaisahau. Nichukue? Na siku ya kwanza nianzie wapi?
*Kijana wa Magomeni, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Kazi ichukue. Hao wanaokucheka kwa balbu nitawarudia hapo chini, maana balbu nina habari yake.

Mimi niliingia kwenye jengo hili ninalolihudumia nikiwa fundi bomba. Chini na ghorofa tatu juu yake, apatimenti 16, ukisimama ngazi ya mwisho unaiona bahari. Nilikuja na spana zangu na maringo yangu. Siku ya nne, Ijumaa, watu wako msikitini, ile paipu laini inayolisha koki ya sinki ikapasuka kwenye apatimenti namba 11. Nikafika mbio. Koki ndogo ya kufungia pale chini ya sinki? Aliyejenga hakuiweka. Nikamuuliza mlinzi, koki kuu iko wapi? Hajui. Nikampigia mwenye jengo, akanijibu, "Si wewe fundi?" Fundi aliyelaza mabomba alikuwa amekwenda kwao Newala kwenye korosho, simu haipatikani. Maji yakaingia namba 7, yakaingia namba 3, yakashuka ngazi, watoto wakavua ndala wakaanza kuteleza.

Nilipoipata koki ilikuwa nyuma ya stoo, chini ya magunia ya mkaa na friza bovu. Nikaishika gurudumu lake, nikazungusha, gurudumu likabaki mkononi mwangu. Kutu tupu. Tangu jengo lisimame hapakuwa na mtu aliyewahi kuigusa. Maji yalikoma yenyewe tangi la paani lilipokauka, na bahati yetu umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, pampu haikuwa imelijaza. Ndiyo siku pekee maishani niliyoshukuru umeme kukatika.

Basi siku yako ya kwanza usishike bisibisi. Nunua kauntabuku, ile kubwa yenye jalada gumu, umchukue mlinzi mzunguke naye jengo zima. Kila koki andika iko wapi na inafunga nini, halafu ifunge kweli uone. Iliyoandikwa "ghorofa ya pili" na aliyejenga usiiamini mpaka umemsikia mtu wa ghorofa ya pili akilalamika kuwa maji yamekatika. Zile za gurudumu ukishafungua mpaka mwisho, rudisha nyuma nusu mzunguko, zisije zikaganda. Zungusha kila moja walau mara mbili kwa mwaka. Breka nazo vivyo hivyo: zima moja, tembea uone kipi kimezimika, andika kwa kalamu isiyofutika. Mlinzi naye ajue koki kuu ilipo, kwa sababu bomba halingoji wewe urudi kutoka sokoni.

Halafu panda paani. Utakuta tangi, na utakuta malalamiko ya ghorofa ya juu yanaanzia hapo. Maji yanayoshuka kwa uzito wake yanahitaji kimo cha mita 10 kupata presha ya baa moja. Tangi likiwa mita mbili tu juu ya shawa ya mpangaji wa juu, huyo ana moja ya tano ya baa. Maji yatamdondokea kama ya ndoo iliyotoboka, na unaweza kuifungua shawa yake mara sita bila kukuta kosa. Na mpangaji akikuomba aweke tangi lake mwenyewe hapo juu, kataa mpaka mhandisi aseme. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Dari la zege haliulizwi kwa macho.

Sasa balbu. Mpangaji wa namba 9 alikuwa akinipigia kila baada ya wiki chache: balbu ya jikoni imeungua. Nabadilisha, naondoka. Jioni moja nafunua ukurasa wake kwenye kauntabuku nakuta nimeandika balbu tano tangu Ramadhani. Balbu tano, holda moja, na sebuleni haijaungua hata moja. Nikazima breka, nikaifungua holda, nikakuta waya wa nyutro umelegea kwenye skrubu yake, plastiki imeungua mpaka imekuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Sentimita chache juu yake ni mbao za dari, kavu. Waambie hao wenzako kwamba balbu ya sita ndiyo ingewasha mbao.

Kwa hiyo kila apatimenti ipe kurasa zake. Tarehe, kilichoharibika, ulichoweka, kilichobaki. Mwandiko usikusumbue, wangu haumfurahishi mtu.

Mabomba utajifunza. Mimi umeme nilijifunza kwa kumbebea ngazi fundi mmoja wa Chikongola miaka miwili, na chai nilimnunulia mimi. Ukipata mtu mwenye mashine ya kuchomelea paipu za plastiki za PPR, muombe ukate naye vipande vibovu ufanye mazoezi: moto wa nyuzi 260, paipu ya milimita 20 inakaa sekunde 5, kisha unaingiza moja kwa moja bila kuzungusha. Ukizidisha sekunde, plastiki inavimba ndani na kuziba njia, na hutaijua mpaka mpangaji ahamie. Mifereji ya maji machafu haina siri kubwa. Huku kwetu ni machicha ya nazi na magamba ya samaki. Nimewahi kuvuta kutoka kwenye chemba bonge la machicha lililoganda na mafuta, refu kama mkono wangu, nikaliweka kwenye ndoo nikapita nalo mlango kwa mlango bila kusema neno. Miezi minne hapakuziba.

La mwisho kwako: kurekebisha swichi na soketi ni kazi ya kila siku, ila kufunga mfumo mpya wa umeme kunataka leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, anza kuitafuta ukiwa bado kijana. Na lakiri ya mita ya TANESCO usiiguse hata mwenye jengo akikuamuru mbele ya mashahidi.

Fundi, shawa yetu ya maji ya moto inapiga shoti kidogo ukigusa koki. Mume wangu anasema nivae ndala tu, ni kawaida. Fundi aliyekuja aligusa kwa testa akasema hakuna kitu. Watoto wanaoga humo.
*Mama wa ghorofa ya pili, Ligula*

Mama, kabla hujaendelea kusoma nenda kazime breka ya hiyo shawa. Watoto waoge kwa ndoo.

Umeshazima? Haya. Shawa inayochemsha maji papo hapo ina kipande ndani chenye umeme na maji yanapita juu yake. Kifuniko cha kipande hicho kikipata ufa, umeme unaingia kwenye maji. Waya wa erthi ukiwa mzima, umeme huo unakimbilia ardhini na kinga inakata kabla hujajua lolote. Ukihisi mwasho mkononi, maana yake erthi haipo au imekufa, na njia ya umeme kwenda ardhini ni wewe. Leo umehisi mwasho kwa sababu sakafu ilikuwa imekauka kidogo au ufa ni mdogo. Kesho hatujui. Ndala haziwezi kitu: mguu uko kwenye mpira, lakini bega limeegemea ukuta uliolowa.

Testa ya bisibisi yenye kitaa ndani nimeiacha kuiamini zamani. Inategemea mwili wa anayeishika na mahali aliposimama. Fundi aje na mita, apime kati ya koki na erthi inayojulikana kuwa nzima, na apime shawa ikiwa imewashwa.

Ninachokikuta mara nyingi mjini hapa ni waya wa erthi uliokatwa na kukunjwa ndani ya boksi, kwa kuwa fundi aliona shawa inawaka na nyaya mbili tu. Kingine ni nondo ya erthi iliyopigwa kwenye mchanga mkavu. Huu mchanga wetu wa pwani wakati wa masika unapitisha umeme, kiangazi unakauka na erthi inakuwa pambo. Nondo ishuke mpaka kwenye ardhi yenye unyevu, kisha ipimwe kwa kifaa chake.

Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampia 24. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, usiopungua milimita 4 za mraba, na breka yake. Isiunganishwe na soketi ya jokofu kwa tepu nyeusi, jambo ambalo nimelishuhudia kwa macho haya. Juu ya yote iwepo RCD ya miliampia 30, ile swichi inayokata umeme ukianza kuvuja. Ina kitufe kidogo cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi, isipokatika haifanyi kazi.

Mwenye nyumba mwandikie ujumbe, usimpigie, tarehe ibaki kwenye simu. Na baba watoto mwambie taratibu tu, baada ya kula, kwamba fundi wa gazetini amesema ndala ni za kuvukia feri kwenda Msangamkuu.

Bwana fundi, nina apatimenti nane Shangani, mwenyewe niko Dar es Salaam. Kila mwaka wa pili nabadilisha mashine za nje za viyoyozi, zimeoza. Sasa nguzo za veranda nazo zimepasuka kwa urefu, fundi rangi anataka kupaka upya. Mafundi wa Mtwara wananila?
*Mwenye nyumba, Dar es Salaam*

Shikamoo mzee wangu. Pengine mmoja wao anakula, lakini anayekula zaidi ni bahari.

Ukija, amka asubuhi upitishe kidole kwenye kioo cha dirisha la upande wa baharini, kisha ukilambe. Chumvi hiyo ndiyo iliyolala usiku kucha kwenye yale mapezi membamba ya mashine yako ya nje, na kwenye skrubu, na kwenye vyuma vinavyoibeba. Unyevu wetu unaifanya isikauke. Mimi za jengo langu naziosha kila mwezi kwa maji baridi ya bomba: nazima umeme kwanza, natumia mpira wa bustani wenye maji ya polepole, kutoka juu kwenda chini. Mashine ya kuoshea magari usiiruhusu, inalaza mapezi na hewa haipiti tena. Vyuma vya kubebea viwe vya kuchovywa zinki au visivyoshika kutu kabisa. Vya kupakwa rangi havimalizi misimu miwili ya kusi. Unaponunua mashine mpya uliza yenye mapezi yaliyopakwa kinga ya chumvi, na uitundike upande usiopigwa na upepo wa bahari hata kama bomba la shaba litaongezeka mita tatu. Wapangaji wako nao wasafishe chujio la ndani, kila wiki mbili. Kiyoyozi kikianza kudondosha maji kitandani, mara nyingi ni kile kipaipu cha kutolea maji kimeziba kwa ukungu, na mtu wa kwanza atakayekuja atakuambia gesi imeisha. Hapo ndipo unapoliwa.

Nguzo sasa, na hapa nakuomba usimlipe fundi rangi. Ufa unaofuata urefu wa nguzo una nondo nyuma yake. Chuma kikishika kutu kinavimba, kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege halina pa kwenda isipokuwa kupasuka. Mwambie mtu agonge nguzo kwa nyundo ndogo kutoka chini kwenda juu akisikiliza. Penye afya panalia ngumu. Palipoachana panalia kama nazi iliyokauka. Penye sauti hiyo pabomolewe mpaka nondo ionekane pande zote, nondo isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, ipakwe dawa ya kutu, ndipo pazibwe kwa mchanganyiko wa kukarabatia zege. Nondo ikiwa imekonda hilo si langu tena wala la fundi wangu, ita mhandisi kabla wapangaji hawajatundika kamba ya nguo hapo.

Kwa nini ya kwako imeoza mapema? Sijaiona, ila nimeshawahi kusimama kwenye saiti moja lori linamwaga mchanga mweupe, nikachota kiganjani nikakuta vigamba vya chaza. Mchanga wa ufukweni unaleta chumvi yake ndani ya zege, na chumvi hiyo haitoki. Ukijenga tena, mchanga wenye vigamba urudishe na lori lake.

(Watu huniuliza mbona nyumba za kale za Mikindani zimesimama miaka yote hiyo jirani na maji. Boma lile la Wajerumani ni la 1895. Kuta za zamani kule ni mawe ya matumbawe na chokaa, hazina nondo za kuoza, na chokaa inapumua. Anayezipiga plasta ya simenti leo anazifungia unyevu ndani, halafu anashangaa rangi inavyobanduka.)

Mimi ni fundi wa jengo Lindi mjini. Nimepewa chumba bure chini ya ngazi, kwa hiyo bosi anasema niko kazini saa zote. Juzi saa saba za usiku nimeamshwa kwa ajili ya king'amuzi. Sina mkataba wa maandishi.
*Fundi mwenzio, Lindi*

Pole ndugu yangu. Chumba umepewa cha kulala, na wewe hulali.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina kifungu cha "saa zote". Kazi ya kawaida haizidi saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na jumla ya wiki haivuki saa 45. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisivuke 50 ndani ya wiki nne, na zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya kawaida. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5. Kwa kawaida unastahili saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku na siku, na saa 24 kila wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28. Na maelezo ya kazi yako, mshahara na saa zake, mwajiri anapaswa kukupa kwa maandishi. Muulize pia kama anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maana sisi watu wa ngazi ndefu tunaanguka.

Lakini usimwendee bosi na sheria mkononi siku ya kwanza. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo na mlango wake uko wazi, ila kuna njia fupi kabla ya hapo. Mimi mwaka wangu wa pili nilichukua kauntabuku nikahesabu mbele ya mwenye jengo: mwezi mmoja, simu za usiku 31. Zilizostahili zilikuwa 4. Hakuwa mtu mbaya, hakuwa anajua tu. Tukakubaliana, tukabandika karatasi pale kwa mlinzi. Usiku naamshwa kwa maji yasiyofungika, harufu ya kuungua au cheche, maji machafu yanayopanda chooni, harufu ya gesi, na mtu aliyefungiwa ndani, hasa mtoto. Simu ya namna hiyo inapita kwa mlinzi, naye ndiye anayenigongea. King'amuzi, remoti, feni inayolia na mende wanangoja saa mbili asubuhi. Wiki ya kwanza walininunia. Mzee wa namba 14 hakuniitikia salamu mpaka bomba lake lilipopasuka.

Anza leo kuandika. Tarehe, saa, nani, nini. Kurasa mbili tu za namna hiyo zinazungumza kuliko sauti yako ukiwa umekasirika.

Bili ya maji ya MTUWASA imepanda karibu mara mbili na koki zangu zote ni kavu.
*Mpangaji, Rahaleo*

Angalia choo. Usiku kabla ya kulala funga koki zote, tazama mita kwa dakika chache: ile gurudumu ndogo ya katikati ikiendelea kuzunguka, maji yanakwenda mahali. Kisha fungua tangi la choo, mimina kikombe cha juisi ya rozela au kitu chochote chenye rangi, usivute maji nusu saa. Bakuli likiwa jekundu, mpira wa chini ya tangi umechakaa. Mpira ni wa bei ndogo, kubadilisha ni kazi ya robo saa, na huhitaji kunisubiri mimi.

Nilipimia choo kimoja namba 6: glasi ya robo lita ilijaa kwa dakika kumi. Kidogo, sivyo? Piga hesabu mpaka kesho asubuhi wakati huohuo, ni lita 36. Mwenye choo alikuwa ananiambia anasikia "kama kuna mtu ananong'ona" bafuni usiku, na alishafikiria kumwita shehe.

Fundi, naishi na binti yangu tu. Fundi wa jengo letu ana ufunguo wa ziada wa kila nyumba. Juzi nimerudi kutoka kazini nikakuta ameingia akabadilisha kitasa cha choo. Hakuchukua kitu, lakini sikupenda. Nimekosea? Na nyingine: akija saa ya chakula nimkaribishe, au ndiyo kumzoesha?
*Mama Binti, Chuno*

Hujakosea, dada yangu. Kitasa cha choo si moto. Kingengoja jioni.

Mimi nilijifunza kwa kuaibika. Nilipiga hodi mara moja, kimya, nikafungua kwa ufunguo wangu, nikamkuta mama mtu mzima anasali sebuleni. Hakunikemea. Alimaliza, akatoa salamu kulia na kushoto, akaniuliza, "Mwanangu, kwenu mnaingiaje?" Tangu siku hiyo ujumbe unatangulia, hodi tatu, nangoja. Ndani nataka awepo mtu mzima wa nyumba hiyo, na kama yuko mtoto peke yake narudi baadaye. Mlango wa mbele unabaki wazi muda wote nikiwa ndani. Viatu nje, vifaa juu ya gunia na si juu ya kapeti.

Funguo za ziada za jengo letu ziko kwa mlinzi, kila moja kwenye bahasha iliyofungwa na mpangaji kasaini juu ya mkunjo. Bahasha ikichanwa ni maji yanamwagika au harufu ya kuungua, mlinzi anaingia pamoja nami, na mpangaji anapigiwa simu tukiwa bado mlangoni. Tukitoka tunaacha karatasi mezani: tumeingia saa ngapi, tumefanya nini, tumegusa nini.

Kuhusu chakula, mkaribishe kama moyo unataka. Mimi nikikaribishwa ming'oko ya moto na chumvi na pilipili sina ubavu wa kukataa. Nanawa, naketi pale ngazini, nakula, nashukuru, narudi kwenye bomba. Anayeniletea soda ili kazi yake iruke mbele ya namba 5, hiyo naiacha juu ya meza na gesi yake.

Kwa sasa muombe mwenye jengo lenu anunue daftari la funguo likae kwa mlinzi. Mstari wa kwanza uandikwe tarehe ya juzi, na fundi wenu asaini.